Anti, wakili wa muuzaji anasema atatuhudumia na sisi bure, tukubali?

Shikamoo Anti,

Samahani barua ni ndefu ila nimeshindwa kulala siku ya tatu leo. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika wa nyumba huku Temeke, tuko wanachama 74, wengi manesi na walimu na wapo akina mama wanaouza vitenge Kariakoo. Tulianza kama kikoba tu cha kuweka hela ya mchango wa misiba, tukaona mbona tunaweza, tukasajiliwa ushirika, kila mtu elfu 50 kwa mwezi, wengine wakitoa wengine tukiwafuata mpaka nyumbani, sasa hivi benki tuna milioni 187. Lengo tupate ardhi, tupime viwanja, kila mtu ajenge chake.

Tumepata shamba Kibaha, ekari 12, milioni 18 kwa ekari, jumla 216. Pazuri, barabara inafika, nguzo za umeme unaziona. Hela iliyopungua tunataka tukope benki milioni 40, 29 ifikishe bei na ile 11 inayobaki iwe ya upimaji na vitu vidogo vidogo. Hati ipo, tumeiona kwa macho, sio ya fotokopi.

Sasa shida ni wakili. Mkutano uliopita tulisema lazima wakili awepo, hapo ndo ugomvi ukaanza. Mwenyekiti anataka tumchukue mtoto wa dada yake, kijana amemaliza Shule ya Sheria pale Sam Nujoma anasubiri kuapishwa, anataka laki 3 tu, na kweli kijana ana adabu, anajua kuongea. Mweka hazina yeye anasema laki 3 ya nini, muuzaji ana wakili wake ameshatuambia "msihangaike, nitawasainisha wote pale pale ofisini kwangu, nyie hamlipi kitu". Mimi nikaenda Posta kwa wakili mmoja mkubwa nilielekezwa na bosi wangu, akasema milioni 6 na nusu, nusu anaitaka kabla, tukakaa naye kama dakika saba simu yake inaita tu. Yupo na mama mmoja wakili ana ofisi hapo hapo Kibaha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, tulimpata kupitia chama kingine, yeye kagoma kutaja bei akasema mpaka aone kwanza makaratasi yote, mwenyekiti akasema huyo anajivuta.

Niliposema tusichukue ndugu wa mtu wala wakili wa muuzaji, kwenye grupu la WhatsApp mtu akaandika eti nimeahidiwa kitu na wakili wa Posta. Anti, mimi! Nililia. Na muuzaji naye anatusukuma, anasema kuna mtu anatoka Mwanza Ijumaa na kesh mkononi, tukitaka atushikie tuweke advansi milioni 20. Yeye ndo mtoto wa kwanza, hati ina jina la marehemu baba yao alifariki 2016, wapo watoto watano, na ametuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo wote wamesaini kwamba yeye ndo auze, kwahiyo upande huo tuko sawa. Ni hili la wakili tu.

Nisaidie, tumchague nani na tunajuaje kama ni mzuri?

Katibu aliyechoka, Temeke

---

Marahaba mwanangu, na pole, hasa kwa hilo la kwenye grupu. Katibu wa ushirika akisema ukweli lazima aambiwe amekula kitu, ni kama posho ya kazi hiyo.

Naanza na sentensi yako ya mwisho mwisho maana umeipita haraka kama mtu anayepita makaburini usiku. Unasema upande wa ukoo mko sawa. Hamko sawa. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Kama walienda mahakama ya mwanzo, msimamizi anapewa fomu namba 4, hiyo ndo karatasi ya kumwomba huyo kaka. Akikuambia "tuna muhtasari" mwambie asante, na fomu namba 4 je? Bila hiyo huyo ni mtoto wa kwanza wa marehemu na basi, hana uwezo wa kuuza hata mwembe ulioko shambani. Na akiwa nayo bado haijaisha, msimamizi anatakiwa aandikishwe kwa Msajili wa Hati kwanza, jina la marehemu litoke liingie lake kama msimamizi, ndipo ahamishe kwenda kwenye chama. Na wale wanne wengine wakubali kwa maandishi, kila mmoja kwa mkono wake, maana saini za kikao cha ukoo nimeziona nyingi zote zina mwandiko mmoja.

Kwahiyo milioni 20 ya advansi usiitoe. Huyo mtu wa Mwanza mimi namfahamu sana, anatokaga kila mwezi kila mkoa na hajawahi kufika. Akifika kweli na akanunua, atanunua kesi.

Sasa nakuja kwa wakili, na umeshaona kwanini nimeanza huko. Hiyo karatasi ya ukoo ndo mtihani wenu. Mmekuwa mnawapima mawakili kwa bei, kwa ofisi, kwa adabu, wengine kwa undugu. Wapimeni kwa faili. Piga kopi ya hati, kopi ya muhtasari wa ukoo, na rasimu ya mkataba kama muuzaji ameshaitoa, peleka bahasha ileile kwa kila mmoja mnayemfikiria, usimwambie chochote, muulize tu "wakili, ungekuwa wewe ungeanzia wapi?" Lipa hela ya ushauri kama anadai, hata ikiwa laki moja au mbili kwa kila mmoja, ni ndogo kuliko ya kupotea. Atakayeuliza habari ya mirathi kabla ya kuuliza habari ya malipo yake, huyo mwandike jina. Ambaye ataangalia hati upande wa masharti na kukuambia "hii imetolewa kwa kilimo, nyie mnataka makazi, lazima mbadilishe matumizi kwanza kabla ya kukata viwanja", huyo mwandike mara mbili. Hilo la matumizi mmeliangalia? Soma hati, huwa imeandikwa. Na ukishaona, rudi kwenye ile milioni 11 ya "vitu vidogo vidogo", kuna mabadiliko ya matumizi, mchoro wa mipango miji, upimaji wa viwanja zaidi ya 70, ushuru wa stempu asilimia 1 ambayo kwa milioni 216 inaweza kufika milioni 2 na laki 1 na elfu 60, na wakili mwenyewe. Mwanangu hiyo 11 haitoshi, mjiandae.

Turudi kwa mmoja mmoja.

Mpwa wa mwenyekiti. Simjui kijana na simchukii, ila kusubiri kuapishwa maana yake bado sio wakili. Mpaka Jaji Mkuu amkubali aingie kwenye orodha ya mawakili, na awe na leseni ya mwaka huo, hana ruhusa ya kuandaa hati za uhamisho wa ardhi kwa malipo, sheria ya mawakili imekataza kabisa. Mtaani huyo tunamuitaje? Kishoka, hata kama ana shahada tatu. Mtapata mkataba mzuri tu umechapwa vizuri, alafu angalia chini kabisa, nyaraka ya namna hiyo lazima iwe na jina na anuani ya aliyeiandaa, na Msajili anaweza kuikataa kama halipo. Kijana atafanyaje, ataenda kumwomba wakili mwingine agonge muhuri kwa elfu hamsini, huyo wakili hajui shamba liko Kibaha au Kibamba. Hiyo ndo laki 3 yenu. Na akishaapishwa vizuri mwakani bado liko swali la pili, siku chama kikigombana na mwenyekiti, yeye atamtetea nani? Mama yake akimpigia simu je?

Hata kwa hao wengine msiamini ubao wa mlangoni. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaingiza jina unaona kama mtu ni wakili na kama leseni yake iko hai au imekwisha, maana leseni ni ya mwaka mmoja mmoja, aliyekuwa wakili mwaka juzi sio lazima awe wakili leo. Dakika mbili tu kwenye simu. Fanya mwenyewe, piga picha ya skrini, iweke kwenye faili la chama.

Wakili wa muuzaji, huyu wa bure. Ngoja nikusimulie kitu. Kabla sijaanza kuandika hapa nilikuwa karani kwenye ofisi ya mawakili miaka 11, kazi yangu kuchapa, kupanga kurasa na kuwapa watu maji. Siku moja wakaja akina mama wa kikundi, kama kumi hivi, wamevaa sare, wamenunua ardhi kwa mteja wetu. Nao waliambiwa hivyo hivyo, wakili yupo mmoja inatosha. Mkataba ulikuwa kurasa sita, niliuchapa mimi. Kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na kipengele kinasema muuzaji hatawajibika kwa madai yoyote ya mtu wa tatu juu ya ardhi ile baada ya mkataba kusainiwa. Wale mama walisaini kila ukurasa pembeni, wanaulizana kalamu, wanacheka, mmoja akaniuliza "binti hapa nasaini jina lote au kifupi?", ukurasa wa nne ukafunuliwa ukapita kama mingine. Miezi nane baadaye akaja mtu na karatasi zake anasema shamba ni la babu yake. Wakarudi ofisini wamevaa zile zile sare, bosi wangu akawaambia kwa upole kabisa kwamba yeye alikuwa wakili wa muuzaji. Na alikuwa anasema kweli! Hakuiba hata senti, alimfanyia kazi mteja wake vizuri, yule mama aliyeniuliza kuhusu kifupi ndo hakuwa mteja wa mtu yeyote mle ndani. Mpaka leo nakumbuka kalamu aliyosainia, ya buluu ina kofia iliyotafunwa.

Kwahiyo mweka hazina mpelekee salamu zangu.

Wa Posta. Ukubwa sio kosa, na milioni 6 na nusu kwa kazi ya milioni 216 sio wizi wa mchana, mawakili wana kanuni zao za malipo za mwaka 2015 zenye viwango, ndo maana hata bei ya kutupa inatakiwa ikushtue kama inavyokushtua bei ya juu. Wasiwasi wangu ni zile dakika saba. Muulize swali moja tu, "wewe mwenyewe ndo utaenda Kibaha au utamtuma mtu?" Mara nyingi unalipia jina la mzee, kazi inafanywa na kijana wa chumba cha nyuma. Sio vibaya, ila basi mkae na huyo kijana mumuone, na jina lake lijulikane.

Mama wa Kibaha. Mwenyekiti anasema anajivuta, mimi nikisikia wakili amekataa kutaja bei kabla ya kuona makaratasi huwa nakaa vizuri kwenye kiti. Lakini na yeye mpe bahasha kama wenzake, usimpendelee kwa sababu mimi nimemsifia. Yuko karibu na halmashauri, anaweza kwenda idara ya ardhi akarudi kabla ya chai, kwa kazi hii ni faida kubwa. Hasara inayowezekana ni kwamba mji mdogo watu wanafahamiana, muulize wazi wazi, "umeshawahi kumfanyia kazi muuzaji huyu au ndugu yake yeyote?" Jibu liandikwe.

Kuna kitu kingine ambacho watu wengi wanakisahau, nyie sio mnunuzi wa kawaida, nyie ni ushirika. Wakili anaweza kuwa mtaalamu wa ardhi kweli kweli na ushirika hajui kitu. Mtege na maswali mawili. La kwanza, "sisi wanachama tukigombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu viwanja tunaenda wapi?" Akikimbilia kusema mahakamani moja kwa moja, hajafungua Sheria ya Vyama vya Ushirika namba 6 ya 2013 wala kanuni zake za 2015, kule migogoro inaanza kwa suluhu, ikishindikana inaenda kwa Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika. La pili, "tunataka kukopa milioni 40, tunahitaji nini?" Hapo asikie harufu ya ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, kwamba mkutano mkuu unaupitisha na Mrajis anauidhinisha, sio mwenyekiti na mweka hazina wanaenda benki na barua yenye muhuri. Asipolitaja hilo benki yenyewe itawarudisha, au mbaya zaidi haitawarudisha. Na afisa ushirika wenu wa wilaya mmemwambia lolote kuhusu shamba hili? Barua yako haimtaji hata mara moja. Nenda kesho. Maafisa ushirika wanajua mawakili gani waliosaidia vyama na wepi waliviacha kwenye mataa, hawatakuambia mchukue fulani, ila ukitaja jina uangalie uso wake.

Mkishampata msimwajiri kwa mdomo. Mteja ni chama, sio mwenyekiti, na hiyo iandikwe kwenye makubaliano ya kazi, pamoja na atakachofanya, bei yote mpaka jina la chama liingie kwenye hati (sio mpaka kusaini mkataba, hapo ndo wengi wanaachwa), na atalipwa kwa hatua, kidogo mwanzo, kingine baada ya upekuzi wa hati kwa Msajili na ripoti ya maandishi, kilichobaki hati ikishatoka. Ripoti yake isomwe kwenye mkutano mkuu, kwa sauti, na wewe uiandike kwenye muhtasari. Yale mambo ya wakili kumpigia mwenyekiti usiku "kila kitu kiko poa bosi" mkatae. Wateue watu watatu wa kuwasiliana naye na mmoja awe mtu msumbufu, kila chama kina msumbufu wake, mtumieni.

Hela ya shamba nayo isiende kesh wala kwenye simu ya mtu. Benki kwa benki, kwa awamu, na jina la akaunti lifanane na jina la msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Awamu ya mwisho muishike mpaka uhamisho usajiliwe. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, aende TRA alipe yeye, bila ile karatasi ya TRA uhamisho hausogei, na wauzaji wengi wanaligundua hilo wakiwa wameshakula hela yote, alafu wanawaambia wanunuzi "tulipieni nyie". Mkataba useme nani analipa nini, na wakili wenu ndo aandike, au kama ameandika wa upande ule, wa kwenu ausome kila mstari mpaka ukurasa wa nne.

Kuhusu kile kilichoandikwa kwenye grupu, usijibizane huko. Itisheni mkutano mkuu maalum, peleka majibu ya bahasha yote yakiwa yameandikwa, majina ya mawakili yafunike, weka A, B, C, D, wanachama wasome wapige kura bila kujua nani ni ndugu wa nani au nani alielekezwa na bosi wa nani. Ukifunua majina mwishoni hata huyo aliyekutukana atakuwa ameshapiga kura. Mpwa wa mwenyekiti usimtoe aibu, mwambieni akishaapishwa alete maombi kama wengine, kwa sasa kama anataka kusaidia kuna kopi 74 za kutoa.

Niandikie ukishapeleka bahasha. Nataka kujua ni nani kati ya hao wanne aliyeuliza fomu namba 4 bila kukumbushwa.

Anti